Ahera Iliyochongwa: Michoro ya Doré na Tenzi Zetu

Katika mambo yaliyowashughulisha washairi wa mataifa mengi, ni machache yaliyotungiwa tungo ndefu kama safari ya roho baada ya mauti. Waitalia wanayo Divina Commedia ya Dante Alighieri. Waingereza wanayo Paradise Lost ya Milton, inayosimulia kuanguka kwa Shetani na kufukuzwa kwa Adamu bustanini. Sisi tunazo tenzi za Miiraji na za Kiyama, na juu yake tunayo Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Lakini iko tofauti moja kubwa, na ndiyo tunayokusudia kuizungumza katika makala haya. Utungo wa Dante umechorwa na kuchongwa picha kwa zaidi ya miaka mia tano, hata wako watu wengi duniani waijuao Jehanamu yake kwa macho kabla ya kusoma hata ubeti mmoja. Tenzi zetu zilinakiliwa kwa mkono, karne hata karne, bila ya sura ya mtu wala ya malaika pembeni.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini jambo hili lizungumzwe kutoka Mbeya na Iringa, mahali pasipo bahari wala magofu ya Pate. Sababu ni hiyo hiyo. Mwanafunzi wa Tukuyu au wa Kilolo hukutana na tungo hizi darasani kama mgeni. Hajapata kuona kasri ya mawe ya matumbawe, wala kidaka cha chokaa, wala taa ya shaba iliyotoka ng'ambo. Hana budi kujichorea mwenyewe moyoni, na asipoweza huyakariri maneno tu kwa ajili ya mtihani. Tena Nyanda za Juu Kusini ni mahali ambapo ahera tatu zimekutana: ile ya wazee wetu, ile iliyoletwa na wamisheni, na ile iliyopanda kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara wa misafara. Mwalimu wa hapa anao mbele yake watoto wa ahera zote tatu.

Tuanze na ya wazee. Neno letu kuzimu lina mzizi mmoja na neno mzimu, na asili yake ni mahali walipo waliotutangulia. Halikuwa neno la adhabu. Wanyakyusa waliwaita wafu wao abasyuka, na waliwafahamu kuwa wako chini ya ardhi, karibu na walio hai, wenye kuleta mvua na rutuba na watoto, na wenye kuchukia ugomvi ndani ya ukoo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, ameandika vitabu vizima juu ya matambiko hayo. Wahehe nao, ingawa walimjua Nguluvi kuwa ni Mungu aliye mbali, shida zao walizipeleka kwanza kwenye makaburi ya wazee. Hakuna aliyehitaji kuchora mahali hapo, kwa kuwa hapakuwa mbali. Mtu alipajua kama ajuavyo shamba la baba yake.

Kisha wakaja wageni. Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, na mwaka huo huo Wamisheni wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky walifika upande wa Ziwa Nyasa. Wabenediktini walijenga Tosamaganga, karibu na Iringa, mwishoni mwa karne hiyo, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza nafasi yao ikachukuliwa na Mapadre wa Consolata kutoka Torino, Italia. Hao wote walitoka katika Ulaya iliyokwisha kuzoea kitabu chenye picha. Wajerumani walikuwa na Biblia ya michoro ya Julius Schnorr von Carolsfeld ya mwaka 1860, na Wafaransa na Waingereza walikuwa na ile ya Gustave Doré ya mwaka 1866. Neno kuzimu likahamia katika Biblia ya Kiswahili, likabeba maana mpya, na kando yake likawekwa neno Jehanamu. Wakatoliki wakaongeza toharani. Basi mtoto wa Kihehe aliyekwenda kwa katekista alijifunza kwamba mahali pa babu zake pana ngazi, na kwamba wengine wako juu na wengine wako chini.

Dante alikuwa mtu wa ngazi hizo. Alizaliwa Florence mwaka 1265. Alishika madaraka katika serikali ya mji wake, chama chake kikashindwa, na mwaka 1302 akahukumiwa uhamisho. Hakurudi tena hata alipofariki Ravenna mwaka 1321. Utungo wake una nyimbo 100: 34 za Jehanamu, 33 za Toharani na 33 za Peponi. Mistari yake, ambayo kila mmoja una mizani 11, imefungamanishwa kwa vina vya tatu tatu, hivi kwamba kina cha kati cha fungu moja hufungua fungu linalofuata, kama pete za mnyororo. Sisi wenye mazoea ya utenzi, ambao kina chake cha mwisho hupita katika beti zote kama uzi mmoja, twaweza kuistahi kazi hiyo. Aliitunga akiwa uhamishoni, na katika Jehanamu yake amewatia mahasimu wake wa siasa, wafalme, na hata mapapa. Papa Nicholas wa Tatu amemchomeka kichwa chini miguu juu ndani ya shimo la mwamba, nyayo zake zikiwaka moto. Kwa hiyo asidhani mwanafunzi kwamba kitabu hicho ni cha dini peke yake. Ni kitabu cha mtu aliyenyimwa haki duniani, akajifungulia mahakama kwingine.

Picha hazikukawia. Toleo la Florence la mwaka 1481 lilikuwa na michoro 19 ya kuchongwa katika shaba, iliyotokana na kazi ya mchoraji Sandro Botticelli. Mwaka 1793 Mwingereza John Flaxman alitoa michoro ya mistari mitupu isiyo na kivuli. William Blake, aliyekuwa mshairi na mchongaji pamoja, alianza kazi hiyo uzeeni mwaka 1824 akafariki mwaka 1827, akiacha picha 102 za rangi na sahani saba tu za shaba. Lakini aliyeishika dunia nzima ni Gustave Doré, Mfaransa wa Strasbourg, aliyezaliwa mwaka 1832.

Doré alikuwa hajatimiza miaka 30 alipotaka kuichora Jehanamu katika kitabu kikubwa cha fahari. Wachapishaji wa Paris, kampuni ya Hachette, walisita. Kitabu cha faranga mia moja kingenunuliwa na nani? Doré akatoa fedha zake mwenyewe, kitabu kikatoka mwaka 1861, na kikanunuliwa upesi kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Toharani na Peponi zilifuata mwaka 1868, na michoro yote pamoja ikapita 130. Katikati ya kazi hiyo alitoa Don Quixote mwaka 1863, kisha Biblia na Paradise Lost, zote mwaka 1866. Alifariki mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 51.

Inafaa tueleze jinsi michoro hiyo ilivyofanywa, maana wengi hudhani ya kuwa Doré aliichonga mwenyewe. Sivyo. Ilitwaliwa mbao ya mti mgumu wenye nyuzi za karibu karibu, ikakatwa kwa kukingama na gogo, si kwa kufuata urefu wake. Uso wa mbao namna hiyo, kama uso wa gogo la bucha, hauna upande wa kuchanika, kwa hiyo chombo chembamba cha chuma huweza kupita popote na kuacha mfuo kama unywele. Uso ule ulipakwa rangi nyeupe, na Doré akachora juu yake kwa wino na brashi: vivuli, mawingu, moshi. Kisha mbao ikapewa mchongaji. Huyu ndiye aliyepaswa kukifasiri kila kivuli kwa mistari, akiondoa palipotakiwa kuwa peupe na kuacha pameinuka palipotakiwa kushika wino. Hii ni kinyume cha sahani ya shaba, ambayo wino wake hukaa ndani ya mifuo. Mkubwa wa wachongaji wa Jehanamu aliitwa Héliodore Pisan. Ukiitazama michoro mingi kwa makini utaona majina mawili chini, la Doré upande mmoja na la mchongaji upande wa pili. Dunia imelishika moja. Sisi tuliofanya kazi katika maofisi twaijua desturi hiyo: barua huandikwa na karani, jina likawa la mwenye kutia sahihi.

Nguvu ya michoro yenyewe iko katika giza. Tangu ukurasa wa kwanza, Dante amesimama katika msitu wa miti yenye mizizi iliyojinyonganyonga, na mtu ni mdogo chini ya matawi. Yuko mzee Charon anayevusha roho kwa mashua, wako wapendanao Paolo na Francesca wanaopeperushwa na tufani isiyokoma, na uko msitu wa waliojiua, ambao miili yao imegeuka miti na majani yake yanaliwa na ndege wenye nyuso za wanawake. Peponi Doré hakufika mbali hivyo. Duara zake za malaika zinapendeza, lakini hazimzuii mtu akalala. Nadhani si kosa lake peke yake, kwa kuwa washairi wengi nao huishiwa na maneno wafikapo kwenye raha.

Chini kabisa ya Jehanamu ya Dante hapana moto. Pana ziwa la barafu, na Shetani amekwama humo hadi kifuani, huku wasaliti wakiwa wameganda kama vijiti ndani ya kioo. Mtu wa pwani husoma hapo akastaajabu. Mtu wa Makete, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi kilipozaliwa kile cha Njombe mwaka 2012, hastaajabu sana. Ameamka asubuhi za mwezi wa Juni akakuta sakitu imechoma viazi vyake, naye ajua kuwa baridi ni adhabu kamili. Elimu ya Kiislamu pia inalo neno zamhariri, baridi kali isiyowapata watu wa peponi.

Kuna wimbo mmoja ambao mwalimu hana budi kuufahamu kabla hajakifungua kitabu hicho mbele ya darasa. Ni wimbo wa 28 wa Jehanamu. Humo Dante amemtia Mtume Muhammad na Ali miongoni mwa aliowaita wenye kuleta mfarakano, na Doré akachora aliyoyasoma. Kwa Mwislamu huo ni utusi mzito, na hapana haja ya kuupunguza kwa kusema ulikuwa mtindo wa karne ile. Darasa la Mbeya au la Iringa lina watoto wa dini zote waliokaa dawati moja. Rai yetu ni kwamba mwalimu aueleze wimbo huo kwa maneno, aseme chuki ya Ulaya ya wakati wa Vita vya Msalaba ilikuwaje, na asiipitishe picha ile mikononi mwa wanafunzi. Mchoro hauelezi sababu zake. Huingia jichoni ukakaa.

Katika wimbo huo huo yuko mshairi Bertran de Born, aliyemgombanisha mwana na baba yake mfalme. Adhabu yake ni kutembea akikishika kichwa chake mwenyewe kwa nywele, kama mtu ashikavyo taa. Doré amemchora akikiinua juu. Mtoto wa Kalenga akiiona picha hiyo, atakumbuka jambo lingine kabisa. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, wakamkata kichwa. Fuvu lake likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na tarehe 19 Juni 1954 gavana Twining akakabidhi kwa Wahehe fuvu lililotoka Ujerumani, ambalo likawekwa Kalenga. Kwa Dante kichwa kilichotengwa na mwili ni alama ya hatia ya marehemu. Kwa Wahehe ilikuwa ni hatia ya wale waliokikata, na marehemu hakuwa na deni. Mwalimu akiuleta mlinganisho huo, atapata mazungumzo ya kipindi kizima.

Jambo la ajabu ni kwamba Dante aliyemtusi Mtume huenda alinufaika na hadithi ya Mtume. Mwaka 1919 Mhispania Miguel Asín Palacios, aliyekuwa padre na mwanachuoni wa Kiarabu, alitoa kitabu mjini Madrid akidai kwamba ngazi za Jehanamu na mbingu za Dante zinafanana mno na masimulizi ya Miiraji, yaani safari ya usiku ambayo Mtume alipandishwa mbingu saba, akaonyeshwa moto na pepo, na akapokea sala zilizopunguzwa kutoka hamsini hadi tano. Waitalia wengi walikasirika. Wakauliza, Dante angeyasoma wapi maneno ya Kiarabu? Jibu lilipatikana miaka 30 baadaye. Kitabu cha Miiraji kilikuwa kimetafsiriwa huko Hispania kwa amri ya mfalme Alfonso wa Kumi, na mwaka 1264, mwaka mmoja kabla ya Dante kuzaliwa, Mwitalia Bonaventura wa Siena alikitia katika lugha za Ulaya. Matini yake yalichapishwa mwaka 1949 na wataalamu wawili, kila mmoja kwa upande wake, na mmoja wao ni Enrico Cerulli. Jina hilo lisiwe geni kwetu. Ndiye aliyekuwa afisa wa ukoloni wa Italia katika Ethiopia, na ndiye aliyechapisha mwaka 1957 Kitabu cha Zunuji, historia ya pwani yetu iliyoandikwa kwa Kiarabu. Wataalamu wangali wakibishana juu ya kadiri ya deni la Dante. Lakini kwamba Miiraji ilifika Italia katika zama zake, hilo halina ubishi tena.

Kwa hiyo utenzi wa Miiraji uliosomwa Lamu na Unguja na utungo wa Dante huenda ni ndugu wa mbali. Tena asiseme mtu kwamba Uislamu mahali pote umekataa kuichora safari hiyo. Huko Herat, katika Afghanistan ya leo, kilitengenezwa karibu na mwaka 1436 kitabu cha Miiraji chenye picha za rangi na dhahabu, za mbingu na za adhabu za moto. Mfaransa Antoine Galland alikinunua Istanbul mwaka 1673, na sasa kimo katika maktaba ya taifa mjini Paris. Ni katika pwani yetu ambapo mkono wa msanii ulishika njia nyingine. Walioandika misahafu ya Siyu na Pate waliipamba kwa maua na mistari ya rangi. Mafundi wa Lamu na Unguja walichonga milango. Waashi walichonga chokaa ya kuta, safu juu ya safu ya vidaka vya kuwekea vyombo vya kigeni. Nakshi ilikuwa tele, sura haikuwamo.

Na hapo ndipo Al-Inkishafi inapopata nguvu yake. Sayyid Abdalla aliishi katika karne ya 18 na kuingia ya 19, akaiona Pate ikidhoofika. Utungo wake ni mfupi, haufiki beti 80. Mshairi anauhoji moyo wake mwenyewe: una nini hata unaifuata dunia? Kisha anauchukua moyo huo na kuupitisha ndani ya nyumba za matajiri waliokufa. Taa zimezimika. Vidaka vilivyopangwa sahani za thamani vimekuwa viota vya ndege. Popo wananing'inia penye dari za fahari, na mabwana walioinua vichwa sasa wamelala ndani ya udongo uliowabana. Baada ya hapo ndipo inapokuja Kiyama, na aliyedhulumiwa anamdai dhalimu wake haki mahali ambapo fedha na dhahabu hazilipi kitu. Mwisho moto unatajwa kwa majina yake mmoja mmoja. Dante amejenga Jehanamu nzima kama mhandisi, na Doré akamfuata kwa taa. Sayyid Abdalla ametuonyesha nyumba tupu, na nyumba hiyo yatosha kuuandaa moyo kwa yote yanayofuata.

Hati hiyo ilichapishwa kwanza kwa kazi ya W. E. Taylor ndani ya kitabu cha Stigand cha mwaka 1915, kisha William Hichens akaitolea kitabu mwaka 1939, na James de Vere Allen akafanya hivyo tena mwaka 1977. Tangu hapo mashuleni huulizwa: je, tuitie picha?

Wako wasemao tusiiguse, na hoja yao ni nzito, maana picha moja hufunga njia za picha nyingine mia. Tangu mwaka 1861 ni vigumu mtu kumwona Charon kwa namna nyingine ila ile ya Doré. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Mtoto wa nyanda za juu asiyeonyeshwa kitu atajaza pengo kwa picha alizokwisha kuziona, na aghalabu zitakuwa za malaika wa Ulaya na kuta za Ulaya. Ila ahera yenyewe isichorwe, wala nyuso za waliomo. Hapo mshairi ameachiwa kazi na msomaji, na sisi tusiingilie. Vichorwe vitu alivyovitaja vya duniani: kidaka chenye makinda, mlango wa nakshi uliobaki bawaba moja, taa isiyo na mafuta.

Wachongaji hatukukosa. Wamakonde wamechonga mashetani ya mpingo yaliyofika makumbusho ya Ulaya, na katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 wasanii kama George Lilanga walichora viumbe wa namna hiyo juu ya sahani za madini na kuwapiga chapa. Hapo hapo Iringa, kwenye mwamba wa Igeleke, iko michoro ya watu wa kale ambao majina yao hatunayo.

Shule isiyo na fedha yaweza kuanza bila ya mbao ngumu ya Ulaya. Kipande cha zulia la mpira la sakafuni, kisu kidogo kilichonolewa, wino wa kuchapia, kijiko cha kusugulia karatasi kwa mgongo wake: hivyo vyatosha. Mwanafunzi mmoja achore, mwingine achonge, kama walivyofanya Doré na Pisan. Wakumbuke tu kwamba chapa hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo kila herufi ichongwe kinyumenyume, na majina yao yote mawili yawekwe chini.